Kava la gari kwenye theluji: linasaidia au linaharibu? Langu limegandia kioo

#1 Mwana_Kijichi (Minneapolis)
Wakuu, salamu. Naomba msaada kwa mliokaa baridini miaka mingi kuliko mimi. Huu ni msimu wangu wa pili hapa Minnesota. Gereji sina, gari nalilaza nje kwenye maegesho ya apatimenti. Kazini naingia saa 12 asubuhi, na mwaka jana nilikuwa napoteza karibu nusu saa kila siku nakwangua vioo, vidole sivisikii. Mwezi uliopita nikanunua kava zima, la kufunika kuanzia bampa mpaka bampa, dola 68. Wiki mbili za kwanza nilifurahi kweli: asubuhi navuta, nakung'uta, nakunja, naondoka.

Juzi nimetoka shifti ya jioni saa 5 usiku, kunanyesha ile theluji ya majimaji inayoshika viatu. Nimechoka, nikafunika gari chapuchapu nikaenda kulala. Usiku baridi ikashuka hadi nyuzi 17 chini ya sifuri. Saa 11 alfajiri nakuta kava limekauka gumu kama bati. Upande wa boneti likaachia. Kwenye kioo cha mbele nikavuta, likatoa mlio kama wa kubandua plasta kwenye mkono wenye nywele, na yale manyoya meupe ya ndani yakabaki kwenye kioo, mistari miwili mirefu, umbo la waipa kabisa. Kitasa cha mlango wa dereva kimevikwa barafu nene kama kidole gumba. Nimefika kazini nimechelewa dakika 40 na nimepewa onyo.

Je, kosa ni la kava, ni langu, au haya makava hayafai kwa theluji?

#2 Mkaka_Eldoret (Edmonton)
Pole sana bro. Kosa ni moto wa injini. Gari ikitoka barabarani boneti iko na joto. Ukiifunika hapo hapo, theluji iliyo chini ya kava inayeyuka, maji yanakosa pa kwenda, usiku yanakuwa gundi. Mimi naacha gari yangu saa nzima ipoe, nafagia theluji yote, ndio nafunika.

#3 Fundi_Rangi (Columbus, Ohio)
Mkaka hapo juu, soma tena alichoandika mwenye uzi. Boneti iliachia, kioo ndicho kilichoshika. Ingekuwa moto wa injini, boneti ndiyo ingeng'ang'ania kuliko sehemu zote. Mimi naona shida ni kile kitambaa. Makava ya bei hiyo yana pamba ndani, wauzaji wanasema inalinda rangi. Pamba ikinyonya maji ikaganda, umeshabandika gari lebo.

Na kuna jambo linaniuma zaidi ya kioo. Mimi napaka rangi magari hapa mwaka wa 9 sasa. Kila mwezi wa 4 theluji ikiisha naletewa magari yaliyofunikwa msimu mzima, na michubuko iko sehemu zilezile: kona za buti, ukingo wa paa, mgongo wa saiti mira. Ni pale upepo unapolipepea kava usiku kucha juu ya rangi yenye chumvi na mchanga wa barabarani. Ukipitisha kucha huisikii, ila ukimulika taa kwa pembeni unaona utando kama wa buibui. Gari chafu usilifunike. Na wakati wa baridi, gari safi utalipata wapi?

#4 Mwana_Kijichi
Fundi umenitia hofu, kesho namulika. Ila nimekumbuka kitu: njia nzima nilikuwa nimewasha hita inapuliza kioo cha mbele, mpaka nazima gari.

#5 Mkaka_Eldoret
Si basi jibu ndio hilo! Joto la hita, kioo kilikuwa moto. Nilisema ni joto, nilikosea tu chanzo 😄

Kitu kingine, usidhani kava itakusaidia gari iwake. Jirani yangu alifunga kava na blanketi juu akidhani injini italala na joto. Kava haizalishi joto. Baada ya masaa machache gari iko baridi sawa na hewa, funika usifunike. Huku ikifika 30 chini ya sifuri tunachomeka gari kwenye umeme, kuna hita ndogo imefungwa kwenye bloku ya injini, yangu ni ya wati 400. Naiwekea taimari iwake masaa matatu kabla nitoke. Na upepo hauwezi kufanya gari iwe baridi kuliko hewa, huo upepo unaumiza ngozi yetu sisi.

#6 Binti_Makete (Leipzig)
Kaka Mkaka, kwenye upepo uko sawa, lakini hapo pa "sawa na hewa" pana kasoro. Kioo kinaweza kuwa baridi kuliko hewa, na mimi hili nimelijua kabla sijapanda ndege.

Kwetu Makete mwezi wa 6 na wa 7 tunapigwa na sakitu. Unaamka viazi vimekuwa vyeupe, jua likitoka majani yanageuka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Bibi yangu hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anatoka nje jioni anaangalia juu. Akiona nyota nyingi, zimesogea, hakuna wingu, hakuna upepo, anatuamsha watoto tukafunike kitalu kwa nyasi kavu. Wingu likiwepo, tunalala.

Sababu yake ndiyo hiyohiyo ya kioo cha gari. Kila kitu usiku kinatoa joto lake kwenda juu. Mawingu yakiwepo yanalirudisha sehemu. Anga likiwa wazi linakwenda moja kwa moja, kioo kinapoa kuliko hewa inayokizunguka, unyevu wa hewani unaganda juu yake. Ndiyo maana huku Leipzig naweza kuona redio inasema nyuzi 2 juu ya sifuri, na kioo kimeota sakitu. Na gari lililolala chini ya mti au chini ya bati la maegesho linaamka safi.

Kwa hiyo kwa sakitu hata kipande cha boksi juu ya kioo kinatosha, kwa sababu kinakaa kati ya kioo na anga. Theluji ya majimaji ni adui mwingine kabisa. Tunachanganya maadui wawili kwenye uzi mmoja.

#7 Mzee_wa_Maskati
Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, theluji siijui, lakini kava nalijua. Huku tunafunika kwa ajili ya jua, lisipasue dashibodi, na la kwangu nimelitupa. Fundi kasema kweli. Vumbi la huku ni laini kama unga, linaingia chini ya kava, upepo wa jioni ukija linasuguliwa juu ya rangi. Gari yangu ilikuwa nyeusi, sasa ina ukungu upande wa kusini wote. Nimejenga kibanda cha mabati manne, nimepumzika.

#8 Kobe_Mpole (Portland, Maine)
Shikamoo Mzee wetu wa Maskati, umetupasha moto kidogo.

Mimi nataka tuzungumze uzito, hakuna aliyeugusa. Gari dogo ukilitazama kutoka juu lina kama mita 4.6 kwa 1.8, tuseme mita za mraba 8. Theluji mpya kavu ina kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo. Ikianguka sentimeta 20, una mita ya ujazo 1.6 juu ya kava. Hiyo ni kilo 80 hadi 160. Ile ya majimaji ni mara mbili au tatu ya hapo. Nani atavuta kava lenye uzito wa ng'ombe saa 11 alfajiri? Lazima uifagie kwanza. Sasa kama unafagia theluji juu ya kava, na bila kava ungefagia theluji juu ya gari, kava limekupunguzia kazi gani?

#9 Mwana_Kijichi
@Kobe_Mpole limenipunguzia kukwangua. Kufagia sina neno nako, dakika tano nimemaliza. Kinachoniua ni ile barafu iliyoshikana na kioo, unakwangua inatoka unga.

#10 Mutoto_wa_Kivu (Sherbrooke, Québec)
Bandugu jambo. Mie ni mutu wa Bukavu, niko huku tangu 2014. Huku watu wengi hawafunike gari muzima, wanafunika kioo cha mbele tu. Ile kifuniko iko na masikio mbili, unayaingiza ndani ya mlango, unafunga mlango, upepo hauwezi kuibeba wala mwizi. Unafagia theluji kidogo, unavuta, kioo iko kavu. Vioo vya pembeni unavisha soksi ao mufuko wa nailoni.

Lakini mukuwe waangalifu na masikio. Mwaka wa kwanza niliyafunga vibaya, maji yakafuata kitambaa mupaka ndani, mpira wa mlango ukaganda. Nilivuta mlango, mpira ukapasuka kipande. Sasa kila mwezi wa 11 napaka silikoni kwenye mipira yote.

Na kuna ile mvua inashuka maji, ikigusa kitu inakuwa barafu. Hiyo ndiyo mbaya kupita theluji. Wakubwa wa huku wanasimulia ya Januari 1998, nguzo za umeme zilianguka kwa uzito wa barafu, watu wakakaa wiki nyingi gizani. Mvua ile ikikuja, kava ya kitambaa inanyonya maji kwanza, kisha inaganda na gari. Mie nadhani ndugu wa #1 alipata kitu kama hiyo, si hita.

#11 Ticha_Kemia (Winnipeg)
Naongeza maelezo ya nne, maana matatu hayajatosha 🙂 Angalieni umbo. Manyoya yalibaki kwa umbo la waipa. Si kioo kizima. Kama ni hita, kioo kizima kingeshika. Kama ni mvua ya Mutoto_wa_Kivu, hata paa lingeshika. Waipa zilikuwa zinafanya kazi njiani, zikakusanya matope ya theluji kwenye mpira na kwenye mkono wake. Umezima gari, hukuzifuta, umelaza kava juu yake. Matope hayo ndiyo yaliyoganda na pamba.

#12 Fundi_Rangi
Ticha umeniweza. Lakini pamba bado ina kesi. Plastiki laini isingeshika hivyo hata juu ya matope.

#13 Mkaka_Eldoret
Na nani aliyeyusha hayo matope hadi yakawa maji? Hita. Mimi siondoki hapa.

#14 Shangazi_Tabu (Minneapolis)
Mwanangu wa Kijichi pole na onyo la kazini. Mimi nakaa huku kusini mwa jiji, gari nalaza barabarani, na sithubutu kulifunika. Jiji likitangaza dharura ya theluji kuna siku tatu za zamu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa 3, barabara kuu za dharura hakuna kulaza gari pande zote. Siku ya pili, saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, upande wa witiri. Usipohamisha wanavuta na kukutoza. Gari likiwa limefunikwa namba ya usajili haionekani, jirani hawezi hata kukugongea mlango akuambie "gari lako wanalichukua". Wewe uko kwenye maegesho ya apatimenti, waulize wenye nyumba trekta lao linapita lini. Likipita na kava likipepea pembeni, litanasa.

Na siku hizo watu wamwagie siki, ndiyo dawa niliyofundishwa. Siki vikombe vitatu, maji kimoja, unapulizia kioo usiku.

#15 Ticha_Kemia
Shangazi shikamoo. Kwa zamu za jiji asante, hilo wengi linawagharimu. Kwa siki naomba nikupinge kwa heshima. Siki ya dukani ni maji na asidi asilimia 5 hivi, inaganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Ukiongeza maji umeidhoofisha zaidi. Kwa baridi ya Minneapolis unapulizia barafu mpya. Tumia spiriti ya kusafishia vidonda, ile isopropili ya asilimia 70: vikombe viwili kwa kimoja cha maji, weka kwenye chupa ya kupulizia. Yenyewe tupu inaganda nyuzi 89 chini ya sifuri. Chupa kaa nayo ndani ya nyumba.

Chumvi pia msimwage kwenye kioo, inatiririka kwenye bawaba na chini ya waipa, inakula chuma.

#16 Shangazi_Tabu
Marahaba mwanangu. Basi siki irudi kwenye kachumbari.

#17 Kobe_Mpole
Maji ya moto je? Natania jamani, msinipige. Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye alimwaga birika zima siku ya kwanza aliyoona barafu. Ufa ulianzia pale maji yalipoangukia, ukatembea taratibu mpaka ukingoni, tunauangalia. Kulikuwa na alama ndogo ya kokoto ambayo hakuwahi kuijali. Maji ya uvuguvugu wengine wanasema ni salama, mimi siyaruhusu karibu na gari langu.

#18 Mama_Nasra (Buffalo)
Nimesoma yote, naona hamjagusa la kufa na kupona. Mimi nilikuwa hapa Desemba 2022. Siku zile za Krismasi theluji na upepo viliua zaidi ya watu 40 katika eneo letu, wengine walikutwa ndani ya magari yao. Tangu hapo nina utaratibu, na wanangu wanaujua kwa moyo: kabla ya kugusa kava, kabla ya kukwangua kioo, unazunguka nyuma unafukua ekzosi kwa koleo mpaka unaona chuma chote. Bomba likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani ya gari. Ile kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi. Mtu anakaa ndani na watoto anasubiri gari lipate joto, wanasinzia.

Na USIWASHE GARI kava likiwa bado nyuma "ili liyeyuke". Nimemwona kijana anafanya hivyo kwenye maegesho yetu, nikapiga kelele mpaka akazima. Kitambaa kilikuwa kimelala juu ya ekzosi kabisa.

#19 Mwana_Kijichi
Mama Nasra, asubuhi ile nilifikiria kufanya hivyo hasa, kuwasha ili kioo kiachie. Asante. Sitafanya.

#20 Binti_Makete
Huku Ujerumani kuwasha gari likiunguruma bure ukisubiri lipate joto ni kosa la barabarani, na kuendesha huku umekwangua katundu kadogo ka kuchungulia ni kosa jingine. Kwa hiyo kila mtu ana kikwangua na kifuniko cha kioo.

#21 Mkaka_Eldoret
Dada, nje ya mada kidogo, hiyo "sakitu" ni neno la Kikinga ama Kiswahili? Nyumbani Eldoret tunasema tu barafu, yote. Theluji barafu, mvua ya mawe barafu, ya friji barafu.

#22 Binti_Makete
Ni Kiswahili, limo kamusini, na jirani yake ni jalidi. Theluji inaanguka kutoka juu, sakitu inaotea hapohapo, barafu ni maji yaliyoganda. Ukiwa na maneno matatu hutanunua dawa moja kwa magonjwa matatu.

#23 Mzee_wa_Maskati
Jalidi tunalo, na Waarabu huku wanasema jalīd. Barafu imetoka kwa Waajemi, kwao "barf" ni theluji yenyewe. Kwa hivyo huyo wa Eldoret akiita theluji barafu, ana wazee wa kumtetea.

#24 Mkaka_Eldoret
Asante Mzee! Nimeshinda kesi moja leo.

#25 Mutoto_wa_Kivu
Turudi kwa gari. Kile Mzee alijenga, kibanda, ndiyo siri hata huku. Wenye nyumba zao wanasimamisha hema ya mabomba na turubai mbele ya mlango, gari inaingia ndani. Manispaa nyingi zinaruhusu kuanzia katikati ya mwezi wa 10, na mwezi wa 4 unaibomoa. Haigusi rangi, haigandi na kioo, inazuia hata hiyo anga ya Binti_Makete. Shida ni sisi tunapanga apatimenti.

#26 Fundi_Rangi
Hapo tumekubaliana. Kinachofunika bila kugusa hakichubui. Kwa wapangaji mimi nashauri kifuniko cha kioo peke yake, rangi iachwe na theluji. Theluji haichubui, kinachochubua ni kusuguliwa. Na fagio liwe la sponji, msitumie koleo juu ya boneti, nawasihi.

#27 Ticha_Kemia
Fundi, na kutu? Kava likizuia hewa, unyevu na chumvi vinakaa chini yake wiki nzima.

#28 Fundi_Rangi
Kutu ninayoiona mimi inaanzia chini, kwenye matao ya tairi na kingo za milango. Huko kava halifiki, halisaidii wala halidhuru. Kuoshea gari uvungu siku yenye joto juu ya sifuri kunasaidia kuliko kava lolote.

#29 Mwana_Kijichi
Wakuu, nimerudi na mrejesho wa usiku mbili.

Usiku wa kwanza anga lilikuwa wazi, nyota tupu. Nilifuta waipa kwa kitambaa kikavu, nikaweka boksi la kadibodi upande wa dereva tu, upande wa abiria nikaacha wazi. Asubuhi upande wa abiria sakitu nene nyeupe, upande wa dereva kioo cheusi, kikavu, mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nimesimama nikautazama mpaka mikono ikaanza kuuma. Bibi yake Binti_Makete apewe heshima yake.

Usiku wa pili ilinyesha theluji ya majimaji tena. Hita sikupuliza kioo, waipa nilifuta, gari likapoa saa nzima kama alivyosema Mkaka. Nikalaza kava. Likashika tena, safari hii kwenye paa na saiti mira ya kushoto, kioo kikaachia. Sasa sielewi. Paa halina hita wala waipa.

#30 Mkaka_Eldoret
Paa inapata joto kutoka ndani ya gari. Saa moja haikutosha.

#31 Ticha_Kemia
Ulifagia paa kabla ya kulaza kava?

#32 Mwana_Kijichi
Nilifagia upande ninaoufikia. Katikati palibaki kidogo.

#33 Mutoto_wa_Kivu
Na saiti mira ya kushoto ndiyo upande upepo ulitokea?

#34 Mwana_Kijichi
Ndiyo, kaskazini magharibi.

#35 Fundi_Rangi
Kabla ya yote, subiri jua lilegeze, usilivute hilo la paani kwa nguvu. Ukishalitoa, mulika taa pembeni ya saiti mira na kona za buti, weka picha hapa.